Je, Wajua? Bustani ya Juu ya Paa kwa Vitu Tunavyotupa

Je, wajua kwamba udongo wa shambani ni miongoni mwa vitu vibaya kabisa vya kupandisha juu ya paa? Ukishiba maji, mita moja ya ujazo ya udongo wa kawaida hukaribia tani mbili. Utandaze kwenye slabu kwa kina cha sentimita 10 tu, na kila mita mraba itabeba karibu kilo 190. Mvua mbili tatu zikiupiga hujishindilia, hewa ikakosa pa kupita na mizizi ikaanza kuoza. Na katika Kitui na Makueni, kaunti za Ukambani nchini Kenya, kuna sababu nzito kuliko hizo zote: udongo wa juu umepiganiwa kwa jembe na koleo kwa vizazi. Matuta ya fanya juu kwenye miteremko ya Mbooni na Kilungu yalichimbwa ili udongo huo usiende na maji. Anayeuchimba ili apambe ghorofa analinyang'anya shamba.

Je, wajua basi kinachotumika badala yake? Sehemu kubwa ya mchanganyiko huwa ni vipande vidogo vigumu vyenye vitundu vya kushika maji na hewa. Sehemu ndogo, kwa kawaida kati ya asilimia 10 na 20, huwa ni mboji. Mwongozo wa Ujerumani uitwao FLL, unaofuatwa na wajenzi wa bustani hizi sehemu nyingi za dunia, unataka mchanganyiko wa bustani ya kina kifupi ushike maji angalau asilimia 35 ya ujazo wake, na hata ukilowa chepechepe ubaki na hewa asilimia 10. Vipande hivyo vigumu havihitaji kuchimbwa popote. Ukambani vimelala kando ya kila tanuru la matofali.

Je, wajua kwamba tofali la kuchoma hunywa maji? Tofali jekundu lenye uzito wa kilo tatu, likiwa limeiva vizuri, laweza kufyonza karibu nusu lita. Maji hayo hukaa ndani ya vitundu vyake na kuachiliwa polepole mizizi inapoyahitaji. Ndiyo maana tofali lililopondwa limekuwa nyenzo ya kawaida ya bustani za juu ya paa huko Uingereza na Ujerumani, ambako hutoka kwenye nyumba zilizobomolewa. Hapa kwetu si lazima kungoja nyumba ibomolewe. Tanuru lolote likifunguliwa huacha rundo la matofali yaliyovunjika, yaliyopinda na yaliyopasuka, ambayo fundi hayataki na mwenye tanuru hajui ayapeleke wapi. Mengi huishia kujaza mashimo ya barabara.

Lakini rundo hilo si la aina moja, na hapa ndipo penye ujuzi. Matofali yaliyokaa pembeni mwa tanuru hupata moto kidogo na kubaki nusu mabichi. Yaliyokaa jirani na mdomo wa moto huungua mpaka yakawa meusi na kung'aa, na hayo hayanywi maji tena. Yanayofaa ni ya katikati. Chukua kipande, kitumbukize kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi kikiwa kizima na maji yamebaki maangavu au yamegeuka rangi kidogo tu, ponda. Kikiwa kimelainika na chini ya ndoo kuna tope, kitupe, kwa maana juu ya paa kitarudi kuwa udongo wa mfinyanzi na kuziba njia zote za maji. Kigongwe pia: kilichoiva hulia kwa sauti kali, kibichi hutoa sauti butu.

Je, wajua kipimo rahisi cha ukubwa? Vipande vipite kwenye wavu wa kuku, kisha vikatae kupita kwenye wavu wa mbu. Vumbi linalopita ndilo huziba.

Je, wajua kwamba mwaka 2009 watafiti watatu wa Uingereza, Molineux, Fentiman na Gange, walichapisha utafiti uliolinganisha tofali jekundu lililopondwa na taka nyingine zilizotengenezwa kuwa vibonge, vikiwemo vibonge vya majivu ya karatasi? Waliona kwamba vibonge hivyo navyo vyaweza kuotesha mimea, hasa vikichanganywa na mboji. Jambo la maana kwa msomaji wa Wote au Mwingi ni kwamba nyenzo bora ni ile inayopatikana karibu, kwa sababu kusafirisha mzigo mzito kwa lori hula faida yote ya kutumia taka.

Je, wajua kwamba mchanga wa mtoni haufai, ingawa ndio watu huukimbilia kwanza? Ni mzito, karibu tani moja na nusu kwa mita ya ujazo ukiwa mkavu, na chembe zake za gwarzi hazina vitundu vya kuhifadhia maji. Zaidi ya hayo, mchanga una kazi nyingine Ukambani. Makueni ilitunga sheria yake ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015 baada ya mito kuchimbwa mpaka mwamba ukaonekana. Kitui, chini ya Gavana Charity Ngilu, ilipiga marufuku Januari 2018 usafirishaji wa mchanga na makaa kwenda nje ya kaunti. Mchanga ukiondoka, mto hukauka, maana maji ya kiangazi yamefichwa ndani yake. Juu ya elimu hiyo ndipo shirika la SASOL lilijenga mamia ya mabwawa ya mchanga katika Kitui kuanzia miaka ya 1990: ukuta wa zege hukatiza mto wa msimu, mchanga hujikusanya nyuma yake, na wanawake huchota maji miezi mingi baada ya mvua kukatika.

Elimu hiyo hiyo hufanya kazi juu ya paa. Jua hunyonya maji ya juujuu, ya chini huponea. Tandaza kokoto kavu za tofali kwa unene wa sentimita mbili juu ya mchanganyiko wako, na unyevu ulio chini utadumu zaidi. Kokoto hizo pia huzuia upepo wa Agosti usipeperushe mboji. Nyasi kavu tunazofunikia mashamba hazifai kazi hii. Mchwa wakizipata watazimaliza, na mchwa wa Ukambani hupanda ukuta bila kuchoka. Tofali hawalili.

Je, wajua kuhusu chenga za makaa? Kila penye kuuzwa makaa hubaki vumbi jeusi na vipande visivyonunulika. Ni vyepesi, vina vitundu vingi kuliko hata tofali, na haviozi: makaa yaliyofukiwa ardhini hudumu kwa mamia ya miaka. Asilimia 10 ya ujazo yatosha. Tahadhari ni moja. Usiyamwage makavu, kwa maana makaa yenye njaa hunyonya chakula cha mimea. Yaloweke kwanza wiki mbili kwenye maji ya samadi, yashibe, ndipo uyachanganye. Wala usikate mti kwa ajili ya haya. Tunazungumza juu ya mabaki tu, na Kitui imekwisha kulia vya kutosha kwa miti yake.

Majivu ya jikoni je? Kiganja kimoja kwa debe, basi. Ni makali mno.

Je, wajua kwamba rundo la majani ya mkonge lenye uzito wa kilo 100 hutoa nyuzi za takriban kilo nne tu? Zinazobaki, zaidi ya kilo 90, ni maji na makapi. Mkonge si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni Mexico, na uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Leo Makueni ina shamba kubwa la mkonge la Dwa, huko Kibwezi, na wakulima wadogo wengi wana mistari ya mkonge mipakani mwa mashamba yao. Katika Tanga, kampuni ya Katani ilionyesha huko Hale kwamba makapi hayo yanaweza kutoa gesi na umeme. Kwa bustani ya paa, makapi mabichi yana asidi na huunguza mizizi, kwa hiyo yarundikwe na samadi, yageuzwe mara kwa mara, yaive kwa miezi mitatu au zaidi mpaka yawe meusi na yasiwe na harufu kali. Yakiiva huwa mboji nyepesi yenye nyuzi, na nyuzi hizo huushikilia mchanganyiko usiporomoke.

Gunia kuukuu la mkonge pia lina kazi. Litandike kati ya tabaka la kupitishia maji na mchanganyiko wenyewe, lichuje vumbi. Litaoza baada ya muda, lakini kufikia hapo mizizi imeshika. Gunia la nailoni hukatikakatika juani na kuacha nyuzi za plastiki ambazo hazitoki tena, na nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017 haina haja ya kuzipanda nyuzi hizo juu ya nyumba zake.

Je, wajua kwamba Makueni ni miongoni mwa kaunti zinazoongoza kwa maembe nchini Kenya, na kwamba kiwanda cha matunda cha kaunti kiko Kalamba? Embe likikamuliwa hubaki ganda na kokwa. Ganda huoza haraka. Kokwa ni ngumu na huchukua muda mrefu, kwa hiyo ipasuliwe kabla ya kutupwa kwenye rundo la mboji.

Mabua ya mbaazi, maganda ya ndengu, maganda ya kahawa ya Kilungu, kinyesi cha mbuzi: vyote ni mali ghafi ya mboji. Samadi ya kuku iive vizuri, mbichi huunguza.

Je, wajua kwamba Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamtaka kila Mkenya atenganishe taka zinazooza na zisizooza? Soko la Kitui mjini peke yake lina majani ya kabichi, maganda ya ndizi na matikiti yaliyopasuka kila jioni. Yakichanganyika na plastiki na vioo hayafai tena kwa mboji, na mtu anayeyachambua huumia mikono. Utenganishaji wa mwanzo kabisa, pale kibandani pa muuzaji, ndio unaoamua kama kutakuwa na mboji safi au jaa la kunuka.

Je, wajua kwamba zege lililopondwa ni hatari kwa mimea likitumiwa peke yake? Saruji ina chokaa nyingi, na maji yanayotoka kwenye zege bichi huwa makali kiasi cha kuizuia mizizi isipate madini ya chuma. Majani hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Zege la zamani lililokaa nje kwa miaka, likanyeshewa, huwa limepoa. Ukitaka uhakika, omba kipande cha karatasi ya litmasi kwenye maabara ya shule ya sekondari iliyo jirani, uloweke vipande, upime maji yake. Hata hivyo zege lisizidi robo ya mchanganyiko.

Je, wajua vifusi usivyovigusa kabisa? Mabati ya asbesto, yale ya kijivu mazito yaliyoezekwa kwenye shule na nyumba za serikali za zamani. Kenya iliyapiga marufuku mwaka 2006. Ukiyaponda, nyuzi zake huingia mapafuni na haziondoki. Huleta saratani baada ya miaka mingi. Yaachwe mazima, na NEMA, mamlaka ya mazingira, iarifiwe. Epuka pia mbao zilizopakwa rangi za zamani, unga wa mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, na nguzo za umeme zilizochakaa. Chakula hakipandwi juu ya sumu.

Na matairi? Huko Lleida, Hispania, watafiti walijaribu vipande vya mpira wa matairi chini ya bustani za paa badala ya mawe mepesi ya volkano, na maji yalipita vizuri. Lakini mpira wa matairi hutoa zinki, na zinki ikizidi hudhuru mimea. Mimi singeuweka chini ya sukuma wiki.

Je, wajua kwamba Makueni ina mawe mepesi ya volkano ya kwake? Vilima vya Chyulu ni vichanga kwa umri wa milima, na vimejaa mawe meusi na mekundu yenye matundu. Yangefaa sana kwa kazi hii. Yasiguswe. Sehemu kubwa ya Chyulu ni hifadhi ya taifa, na mawe hayo hayo ndiyo yanayopokea mvua na kuipeleka chini kwa chini mpaka chemchemi za Mzima, ambazo maji yake hunywewa Mombasa. Tuna matofali mabovu ya kutosha.

Je, wajua slabu inabeba uzito gani? Kiwango cha Uingereza cha BS 6399, ambacho wahandisi wa Kenya walikitumia kwa miaka mingi, kilitaka paa la zege linalokanyagwa na watu lihesabiwe kubeba takriban kilo 150 kwa kila mita mraba juu ya uzito wake wenyewe. Turudi kwenye hesabu ya mwanzo: udongo wa sentimita 10 ni kilo 190. Mchanganyiko wa tofali, makaa na mboji kwa kina hicho hicho, ukiwa umelowa, ni kama kilo 135. Ukipunguza kina kuwa sentimita 7, unashuka hadi karibu kilo 95 na kubaki na nafasi ya mtu anayekuja kupalilia. Tazama majengo ya Wote, Emali na Mwingi: mengi yana vyuma vilivyochomoza juu, yakingojea ghorofa inayofuata siku fedha zitakapopatikana. Slabu hizo zilikusudiwa kuwa sakafu, kwa hiyo huenda zina nguvu ya ziada. Anayeweza kusema ni mhandisi mwenye michoro ya jengo mkononi, na ajira yake ni nafuu kuliko slabu iliyopasuka. Nyumba ya mabati juu ya mbao haibebi bustani hata iwe nyembamba vipi.

Je, wajua kwamba hapa kwetu paa lina kazi ambayo paa la Berlin halina? Linakinga maji ya kunywa. Paa la mita mraba 100 likipata milimita 500 za mvua kwa mwaka hupokea lita 50,000. Bustani ikikaa hapo itazuia sehemu kubwa ya maji hayo, na yatakayopita yatatoka na rangi ya mboji. Sitamshauri mtu yeyote wa Kyuso au Mutomo, ambako punda hutembea nusu siku kutafuta maji, afunike paa linalojaza tangi lake. Bustani ya paa ni ya slabu za mjini ambazo leo hazikingi chochote, zinazomwaga mvua yote barabarani na kuwachemsha waliolala ghorofa ya juu. Ni ya shule, masoko na zahanati zenye paa jingine la kukingia. Ni ya Konza pia, mji mpya wa teknolojia ulioanza kujengwa Malili mwaka 2013, ndani ya Makueni, ambako vifusi na paa tambarare vinazaliwa kwa wakati mmoja.

Je, wajua mahali pa kujifunza ni mimea gani ipandwe? Nenda Nzambani, jiwe kubwa lililosimama peke yake karibu na mji wa Kitui, ambalo hekaya yasema ukilizunguka mara saba unageuka kutoka mwanamume kuwa mwanamke, au kinyume chake. Kwenye nyufa na vibonde vya miamba ya namna hii kuna udongo wa kina cha vidole vichache, jua kali, na miezi bila tone la mvua. Hayo ndiyo maisha ya juu ya slabu. Mmea unaoishi kwenye mwamba utaishi pia darini: mishubiri ambayo Wakamba huiita kiluma, mikonge pori, magugu manene ya kutambaa. Kwenye miamba ya Kenya kuna hata mmea uitwao Xerophyta spekei, unaokauka mpaka ukaonekana umekufa, kisha mvua ikinyesha hurudi kuwa kijani baada ya siku chache.

Mishubiri ya porini usiing'oe. Imelindwa tangu amri ya rais ya mwaka 1986. Nunua miche kwenye kitalu.

Mboga zinahitaji kina zaidi, sentimita 15 hadi 20, na slabu nyingi hazitaruhusu. Kwa mboga, bora magunia yaliyopangwa pembeni, juu ya kuta zinazobeba jengo. Kibera ilionyesha njia: kuanzia mwaka 2008, baada ya machafuko ya uchaguzi, shirika la Solidarités lilisaidia maelfu ya familia kupanda sukuma wiki kwenye magunia yenye nguzo ya mawe katikati ya kupitishia maji. Nguzo hiyo yaweza kuwa ya vipande vya tofali.

Je, wajua kwamba ndege nao huvipenda vifusi? Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ndege mdogo mweusi mwenye mkia wa rangi ya kutu alizoea kutaga kwenye magofu ya London yaliyopigwa mabomu. Magofu yalipojengwa upya akakosa makao, na wahifadhi wakaanza kutandaza tofali na zege lililovunjwa juu ya majengo mapya kwa ajili yake. Mji wa Basel, Uswisi, tangu mwaka 2002 unadai kila paa jipya tambarare lioteshwe, na watafiti wake wamehesabu buibui na mbawakawa huko juu.

Je, wajua kipimo cha kuanzia? Kwa slabu ya mita mraba 50 na kina cha sentimita 7, ukitumia toroli la lita 60: matoroli 44 ya tofali lililopondwa, 6 ya chenga za makaa zilizoloweshwa, na 9 ya mboji iliyoiva. Chini yake iwepo karatasi nzito ya plastiki, ile ya kutandika vidimbwi vya kuvunia mvua, isiyo na tundu hata moja, na mdomo wa bomba la kutolea maji uzungushiwe kokoto kubwa usizibe. Mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba, ndizo za kutegemewa zaidi Ukambani kuliko za masika. Kwa hiyo mboji irundikwe Juni, tofali lipondwe Agosti na Septemba wakati ardhi ni kavu na matanuri yanawaka, na miche ipandishwe juu wiki ile mawingu ya kwanza yanapokusanyika.